Waraka kwa familia za wafiwa wa komini ya Tshopo

Baba zetu, mama zetu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliozaliwa vita vikiwa vimekwisha,

Nawasalimu nyumba kwa nyumba, tangu parseli za kando ya mto mpaka zile za ndani kabisa ambako mtu wa toleka hulazimika kuteremka asukume baiskeli yake. Nawasalimu wa parokia na wa hekalu, wa msikitini na wa Kimbangu, maana chama chetu hakijapata kumuuliza mtu anasali wapi kabla ya kumpelekea viti vya matanga. Waraka huu umekuwa mrefu. Asiyeona vizuri asomewe, na anayemsomea mwenzake asiruke yale yasiyompendeza. Ningeweza kuyasema haya kwa mdomo, lakini mliokuja mkutano uliopita mliona wenyewe: kila aliyesimama alipigiwa kelele, mama mmoja mzee akaondoka analia, na likelemba, mchango wetu wa kupokezana, haikutolewa mwezi ule. Heri niandike, kila mtu ayapate akiwa kwake, moyo umetulia.

Jambo lenyewe ni daftari. Wakubwa wanalijua, vijana wengi wamelisikia tu. Ni daftari la shule la mistari, pembe za jalada zimeliwa na mchwa, na mwalimu wetu aliyeliandika alianza kazi hiyo mara baada ya bunduki kunyamaza mwezi wa Juni 2000, akipita mlango kwa mlango na kalamu yake ya bluu. Kila mstari una jina la marehemu, umri, siku, mahali alipoangukia, mahali alipozikwa, na majina ya majirani wawili waliomwona. Kuna mstari mmoja ambao kila nikiufikia nasimama: mtoto wa kike, miaka 4, siku ya tatu, nyuma ya jiko, kipande cha bomu, amezikwa chini ya mti wa safu katika parseli ya jirani, kwa sababu kwao hapakufikika. Mashahidi wawili wa mstari huo walikuwa Mlengola na Mlokele. Mtoto alikuwa wa Kitopoke. Hakuna aliyeona ajabu wakati ule.

Sasa fungueni kurasa za mwisho. Daftari lilitoka nyumbani kwa katibu kwenda kupigwa fotokopi, likarudi likiwa na watu wengi kuliko lilivyoondoka. Wino ni mweusi, mwandiko ni wa haraka. Kuna majina yasiyo na mahali pa kuangukia wala pa kuzikwa. Kuna mzee ambaye sisi sote tulimbeba kwenda kaburini mwaka 1998, malaria ikiwa imemmaliza, na leo ameandikwa kwamba aliuawa na bomu miaka 2 baadaye. Na mashahidi ni wale wale wawili, mstari baada ya mstari, kana kwamba watu hao walikuwa wakitembea kartie nzima wakihesabu maiti wakati sisi wengine tukiwa tumelala kifudifudi chini ya vitanda.

Sitawataja. Ninawajua, nao wanajua kwamba ninawajua, na baadhi yao walinishika mkono siku niliyofiwa. Ndiyo maana naandika kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

Vijana, naomba mnivumilie niwakumbushe, kwa sababu nimegundua wengine wenu mnaujua mwezi wa Juni kwa sababu ya pesa peke yake. Majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yaliingia nchini mwetu yakiwa marafiki, kisha yakagombania mji ambao haukuwa wa mmoja wala wa mwingine. Walipigana hapa Agosti 1999, wakarudia Mei 2000, na tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 wakapigana bila kupumua. Waganda walikuwa ng'ambo ya mto Tshopo, Wanyarwanda ndani ya mji, na komini yetu ndiyo iliyokuwa katikati, kati ya daraja na mabomu. Hatukuwa na maji wala umeme. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye kutathmini ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, majeruhi wapatao 1,700, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika. Kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa, shule zilipigwa, hospitali zilipigwa. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likisema wazi kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kuwafidia watu wa Kisangani. Mji wetu ulitajwa kwa jina mbele ya dunia, halafu tukangoja.

Tulingoja sana. Serikali yetu ilikuwa imeishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tangu 1999. Hukumu ilitoka tarehe 19 Desemba 2005: Uganda ina hatia. Kesi dhidi ya Rwanda iliishia Februari 2006, mahakama iliposema haina mamlaka ya kuisikiliza; wala msimruhusu mtu awaambie kwamba Rwanda ilionekana haina kosa, kwa maana kosa lenyewe halikupata kusikilizwa. Fidia yenyewe ilikadiriwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325, yaani 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali, na 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi ulioibwa, zilipwe kwa mafungu 5 ya milioni 65 kila mwezi wa Septemba. Pesa hizo zinapitia mfuko wa FRIVAO, ambao uliundwa na serikali mwaka 2019 na makao yake ni hapa hapa Kisangani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wenzetu wa wino mweusi walipokosa kufikiri. Nchi yetu ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ilisema raia 180,000 waliuawa. Majaji walisoma makaratasi, wakasema ushahidi walioletewa unawafikisha kati ya watu 10,000 na 15,000. Fomu nyingi za wahanga zilizopelekwa hazikuwa na vyeti wala karatasi ya kuzithibitisha. Majina yalikuwa hewani, tarehe zimekosekana, mahali pamekosekana. Jiulizeni ni wafu wangapi wa kweli walioachwa nje ya hesabu ile kwa kukosa mwalimu mwenye kalamu ya bluu. Sisi tulikuwa naye. Kartie nyingi katika nchi hii hazina kitu kama daftari letu, nalo limeandikwa mabomu yakiwa bado yana joto, na watu ambao hawakujua kwamba siku moja litazaa hata faranga moja. Hiyo ndiyo nguvu yake. Mnunuzi wa mchele sokoni akikuta mawe katika kiganja cha kwanza haulizi gunia lina mchele mwema kiasi gani. Anakwenda kwa muuzaji mwingine. Anayekagua madai yetu akimkuta yule mzee wa malaria kwenye ukurasa wa mwisho, atamtazamaje yule mtoto wa miaka 4 kwenye ukurasa wa kwanza?

Mtu ameniambia, na amesema mbele ya watoto wake: "Mwenyekiti, wakubwa wamekula, sisi tule nini?" Naelewa neno hilo linatoka wapi. Sote tulisikia redioni. Mwezi wa Septemba 2025 Mahakama ya Kasasi huko Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka 3 ya kazi ya shuruti kwa ajili ya dola milioni 19 za mfuko huo, pesa zilizosemwa kuwa za kujenga gereza hapa kwetu Kisangani. Mjane aliyepanga foleni tangu alfajiri na picha ya mumewe kwenye mfuko wa nailoni, akisikia milioni 19, lazima moyo wake upasuke. Wangu ulipasuka. Lakini ndugu yangu uliyesema vile, nifuate polepole. Tulipiga kelele kwa sababu gani siku ile? Tulisema hizo ni pesa za damu, ni za wenyewe, haziguswi. Wewe ulisema kwa sauti kuliko sisi sote, pale kwa muuza mkate. Kama neno lile lilikuwa kweli kwa waziri, linageukaje uongo likifika kwenye parseli yako? Pesa hazizaliwi upya kila tunapoongeza jina. Mfuko ni mmoja, na si wa Kisangani pekee: wamo watu wa Ituri, ambako mahakama iliona mauaji makubwa kuliko yote, wamo wa Beni na Butembo, wa Buta, wa Gemena. Mstari wa uongo ulioandikwa hapa haumpunguzii waziri kitu. Unampunguzia mama wa Bunia ambaye hutamwona maishani.

Kuna jambo la pili, zito kuliko hilo, na naliandika taratibu kwa sababu linamhusu mama yetu aliyeondoka analia. Wengi wenu mnajua mwanawe hakufa Juni 2000. Alichukuliwa Mei 2002. Mnaikumbuka tarehe 14 ya mwezi ule: askari walioasi waliteka redio asubuhi, wakawaita watu watoke wawafukuze Wanyarwanda, na RCD-Goma, iliyokuwa ikiutawala mji, iliporudisha mji mikononi mwake, kisasi kikaanza. Watu wa komini ya Mangobo walipigwa risasi majumbani mwao. Usiku watu waliletwa kwenye daraja letu, daraja hili tunalovuka kwenda mashambani, na asubuhi mto ulikuwa na miili isiyo na vichwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Hakuna mahakama iliyoketi kwa ajili yao. Mfuko wa FRIVAO hauwahusu. Mama huyu amewaona majirani zake wakijaza fomu, mmoja baada ya mwingine, na yeye amekaa barazani na mtoto wake asiye na fomu. Ndipo kijana mmoja wa kamati akamwambia: "Mama, tumsogeze tu nyuma miaka 2, nani atajua?"

Simlaumu mama. Uchungu wake ni uchungu wetu. Kijana huyo namlaumu, maana hakuona alichokuwa akikifanya. Ukimsogeza mtoto yule kwenda Juni 2000, umemwondoa darajani. Waliomuua watapungukiwa na mtu mmoja wa kumjibia, na siku watakapoulizwa kuhusu tarehe 14 Mei, hata kama wataulizwa na wajukuu zetu, watasema: tuonyesheni majina. Tutaonyesha nini, ikiwa majina tumeyauza kwenye orodha nyingine? Hao waliotupwa mtoni usiku walitupwa ili wasihesabike. Haifai sisi wenyewe tuimalize kazi hiyo.

Kwa hiyo kamati imeamua, na nina furaha kwamba iliamua bila mabishano, kufungua daftari la pili, la Mei 2002, kwa sheria zile zile za mwalimu: jina, umri, siku, mahali, mashahidi wawili. Halitaleta pesa. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadanganywa. Mstari wa kwanza utaandikwa na mama yule mwenyewe, au atamwambia katibu aandike huku yeye akiangalia. Na wale waliouawa Agosti 1999 na Mei 2000, ambao jamaa zao wamekuwa wakiambiwa wajiite wa Juni, wabaki na tarehe zao pia: mapigano yale nayo yamo katika hukumu juu ya Uganda, na hapakuwa na sababu yoyote ya kuwahamisha. Uongo ule ulikuwa wa bure kabisa, ndugu zangu. Mtu alikuwa na haki yake mkononi akaenda kuazima ya jirani.

Nimefika kwa wanaouza saini. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Kuna wajane watatu katika kartie hii ambao mistari yao iko kwa kalamu ya bluu, safi, na bado walizungushwa wiki nzima wakitafuta mtu wa kusimama nao mbele ya shefu wa kartie, kwa sababu majirani waliowaona wakizika walitaka kwanza "ya sukari". Mmoja aliahidi kumi kwa mia ya fidia. Mwingine hakuwa na cha kuahidi akatoa kuku. Nakumbuka Juni ile, jirani aliyekuwa na chikwange moja ya mihogo aliikata vipande akaipitisha juu ya ukuta, na hakuna aliyeandika deni. Watu wale wale, au watoto wao, leo wanataka kuku ili waseme kweli. Anayeujua ukweli wa mfiwa na kuufungia mpaka alipwe amemnyang'anya, na sioni tofauti kubwa kati yake na wale waliopita na magari wakichukua redio na magodoro yetu bunduki zikiwa bado zinalia. Kuku yule arudishwe. Najua bado yuko hai, maana ni jogoo, naye ananiamsha.

Na tazameni ugonjwa huu ulivyokwisha kuenea nje ya daftari. Likelemba imekatika vipande viwili, ya wale "wenye fomu" na ya wale wasio nazo. Kwenye bomba la Regideso, maji yakitoka, mama waliokuwa wakipokezana bidoni sasa wanapeana migongo. Tulikuwa na matanga majuzi, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na watu niliowazoea kuwaona wakipika lituma usiku kucha kwa ajili ya wageni hawakuonekana, eti kwa sababu marehemu alikataa kuwa shahidi wao. Tumeanza pia kuulizana makabila, neno ambalo mwalimu hakulitengea hata safu katika mistari yake. Ng'ambo ya mto mkubwa, kule Lubunga, tangu Februari 2023 tumeona jinsi ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulivyogeuka moto na mazishi. Waliofukuzwa huko wamekimbilia kwetu, tumewapa mikeka. Hamuwezi kuniambia hatujui mambo haya yanaanzaje.

Najua pia umaskini upo. Kuna mwenzetu aliyeandika jina la uongo kwa sababu mtoto wake amefukuzwa shule. Chama hiki kipo kwa ajili ya jambo kama hilo. Kabla ya kuwa chama cha fomu kilikuwa chama cha sanduku, na sanduku lile limelipa dawa, jeneza, minerval, hata baiskeli ya toleka kwa kijana aliyetoka jela. Aje aseme. Heri tuchangishane faranga mia mia kwa ajili ya mtoto aliye hai kuliko kumwita babu yake kutoka kaburini aje amlipie ada.

Basi, hivi ndivyo tutakavyofanya. Jumamosi ya pili baada ya waraka huu kuwafikia, saa nane mchana, katika uwanja wa shule, daftari litasomwa kwa sauti tangu mstari wa kwanza. Kila jina likisomwa, wa familia yake aitike, na mashahidi walio hai wasimame. Mpaka Ijumaa ya kuamkia siku ile, aliyeandika mstari usio wa kweli anaweza kwenda kwa katibu jioni, wakati wowote kabla ya taa kuzimwa, akaukate kwa mkono wake. Katibu ameapa mbele yangu kwamba hatamtaja mtu, na kalamu ataikuta mezani. Mstari ambao haujakatwa na hauna shahidi utakatwa Jumamosi na mkutano mzima, na hapo sitaweza kumficha mtu. Wenye marehemu wa kweli ambao mwalimu hakuwafikia, kwa sababu familia ilikuwa imekimbilia msituni, waje na majirani wawili waliokuwepo; nafasi ipo na wataandikwa. Kuandikwa hakulipiwi, saini hailipiwi, fotokopi italipwa na sanduku. Anayedaiwa chochote, hata cha sukari, aje kwangu moja kwa moja.

Baada ya hapo daftari litakaa katika kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa katibu na mwingine kwa mama anayeshika likelemba, na halitatoka kwenda fotokopi bila wote wawili kufuatana nalo. Walio karibu na shule watoe viti mapema kwa ajili ya wazee. Mvua ikinyesha tutaingia darasa la sita, ambalo bati lake ni zima.

Mimi ndugu yenu,
Mwenyekiti